Sista Mluzi na Maji ya Damu ya Watoto

Familia inaomba radhi mapema. Wasifu huu umeandikwa kwa siku mbili, na aliyeshika kalamu kila mara alijikuta ameandika "anapenda", "anasema", "atakuja", akakata, akaanza tena. Jumapili iliyopita marehemu alikuwa nyumbani kwake akipiga pasi sare za wiki nzima. Sare hizo bado zinaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani, na hakuna aliyethubutu kuziondoa. Mahali ambapo maneno hayakukaa sawa, msikilizaji atuvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 22 Mei 1977, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba fundi viatu na mama mshonaji. Mama yake, ambaye amekaa hapa mbele, husimulia kwamba siku hiyo alikuwa kwenye cherehani akimalizia suruali ya mteja mmoja mkorofi. Uchungu ulipoanza akasema moyoni amalize kwanza mguu wa pili. Hakuumaliza. Mkunga alipofika alimkuta mtoto ameshazaliwa, amefungwa ndani ya suruali ile ile. Mteja alipokuja kuidai akaambiwa, "Baba, suruali yako imepata mwenyewe." Tangu hapo ndugu zake wakimwona anaharakisha jambo walikuwa wakisema, "Mwacheni, huyo alikuja duniani na suruali ya watu."

Alianza shule ya msingi mwaka 1984. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila alijulikana ofisini kwa mwalimu mkuu kwa sababu moja: alipiga mluzi. Alipiga akifanya hesabu, akifagia, akiwa kwenye mstari. Siku moja mwalimu mkuu alisimama mlangoni akauliza nani anayepiga mluzi darasani.

"Mimi, mwalimu."

"Msichana mzima unapiga mluzi?"

"Ndiyo, mwalimu. Hata akipiga mvulana, mluzi ni ule ule."

Aliadhibiwa kufagia uwanja peke yake. Wenzake walijua amefika kona gani kwa kumsikia tu.

Alisoma sekondari mwaka 1991 hadi 1994. Miaka miwili iliyofuata alikaa kibandani kwa baba yake, akishona soli na kubandika visigino, kwa kuwa nafasi ya chuo haikupatikana mapema. Hakuijutia miaka hiyo. Alikuwa akisema kwamba mkono uliojifunza kupitisha sindano kwenye ngozi ya kiatu bila kuichana, haukuona shida kubwa kutafuta mshipa wa mtoto. Mwaka 1996 aliingia chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1999, na kuajiriwa katika zahanati ndogo yenye vyumba vitatu na mlango mmoja wa mbele ambao haukuwa ukifunga.

Mlango huo ndio uliomletea mume. Mwaka 2003 aliitwa fundi seremala kuutengeneza. Ilikuwa kazi ya siku moja. Fundi akaja siku ya pili kuutazama, ya tatu kuupiga randa, na wiki iliyofuata akaja kusikiliza kama bawaba zinalia. Marehemu akamwendea na trei yake ya dawa mkononi.

"Fundi, mlango huu ndio wenye tatizo, au mwenye tatizo ni wewe?"

"Ni mimi," fundi akajibu.

"Basi sema."

"Nimeshasema."

Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 2004. Shemeji zake wanasema majibu yale mawili ya mlangoni ndiyo maneno mengi zaidi ambayo fundi aliwahi kuyatoa kwa mkupuo mmoja. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na mvulana. Nyumba yao ilikuwa na mgawanyo wa kazi ulioeleweka: mama alizungumza, baba aliitikia, watoto walicheka. Jioni alikuwa akivua viatu hapo kizingitini na kuanza kusimulia kabla hajaingia ndani, mumewe akiwa bado ameshika nyundo.

Mwaka 2006 alihamishiwa hospitali kubwa, wodi ya watoto wenye maradhi ya figo. Mwaka 2012 alipelekwa kwenye mafunzo ya miezi sita ya mashine mpya ya kubadilisha maji ya damu, na tangu hapo mashine hiyo ikawa mikononi mwake. Wengi mliopo hapa mlimjua kama "yule anayesafisha damu", na wengine mlimsumbua kwa sababu hiyo. Jirani mmoja, ambaye pia yuko hapa na ametupa ruhusa tuyaseme, alimfuata bombani akamwomba amsafishie na yeye, maana mikosi ilikuwa imemzidi.

"Shoga, mikosi yako haimo kwenye damu," marehemu akamwambia. "Iko hapo chini ya pua."

Kazi yenyewe aliwaeleza wazazi kwa chujio la chai. Alikuwa nalo mfukoni, la plastiki, limeandikwa kwa kalamu ya wino "si la jikoni". Figo, alisema, ni chujio. La mtoto wako limetoboka, na protini inayotakiwa kubaki mwilini inamwagika kwenye mkojo. Ndiyo maana anaamka uso umevimba na viatu havimwingii. Tunampa dawa, matundu yanaziba, mnafurahi. Kisha yanakuja mafua kidogo tu na ugonjwa unarudi. Wapo wanaorudiwa na kurudiwa mpaka chujio linakwisha kabisa, ikabidi mtu mwingine awape figo yake. Na wapo wachache ambao hata hiyo figo mpya hutobolewa, kwa sababu kinachotoboa hakikuwa kwenye chujio. Kimo kwenye maji ya damu yenyewe, yale ya manjano yanayoitwa plazma. "Chujio jipya, maji ya zamani," alikuwa akisema. "Sasa tunabadilisha maji."

Mashine iliivuta damu ya mtoto kupitia mrija uliowekwa shingoni, ikayatenga maji ya manjano na kuyatupa, kisha ikairudisha damu ikiwa na maji mengine safi yenye protini. Kipindi kimoja kilichukua sehemu kubwa ya asubuhi, na vipindi vilikuwa vingi. Hakumwambia mzazi yeyote kwamba kila mtoto hupona. Alisema, "Tutajaribu, na tutakachokiona nitakwambia." Kwa watoto alikuwa na sharti moja ambalo daktari na mfagiaji walilijua: mtoto hadanganywi. Sindano ikiuma, aliambiwa inauma.

Na hapo ndipo mluzi wake ulipopata kazi. Dawa inayozuia damu kuganda ndani ya mashine hupunguza kalsiamu mwilini, na dalili ya kwanza ni midomo kuhisi kama inatekenywa. Mtu mzima atasema. Mtoto anaogopa, au hajui kama hilo ni jambo la kusema, na ukichelewa mikono inakakamaa na moyo unaanza kwenda ovyo. Kwa hiyo marehemu aliwafundisha wote kupiga mluzi. Waliunganishwa na mashine, wakapiga mluzi naye, wimbo wowote. Mluzi ukikatika au ukitoka hewa tupu, alishajua, anawahi na kalsiamu. Wageni waliopita kwenye korido walidhani ni wodi ya ndege. Watoto wakamwita Sista Mluzi, na jina likamfuata mpaka nyumbani, hata mama yake mzazi akalitumia alipotaka kumchokoza.

Mwezi Septemba mwaka huu alipokelewa mvulana wa miaka saba ambaye figo zake zilikuwa zimekwisha baada ya kurudiwa na ugonjwa tangu akiwa na miaka mitatu. Mama yake, muuza nguo za mitumba, alimpa figo yake moja. Kabla kidonda cha mama hakijakauka, protini ikaanza tena kumwagika kwenye mkojo wa mtoto. Ugonjwa ulikuwa umeifuata figo mpya. Daktari akaagiza maji ya damu yabadilishwe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na akaeleza wazi kwamba vipindi visirukwe. Figo ile ikitobolewa sana haitarudi, na mama hana nyingine ya kutoa.

Mtoto huyo alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele. Hakuweza kupiga mluzi. Siku ya kwanza alijaribu, zikatoka hewa na mate, akakasirika. "Piga wewe," akamwambia marehemu, "mimi nitakusimamia." Tangu siku hiyo akaitwa Bosi. Alilala pale mrija uko shingoni akitoa amri: sogeza mto, si hivyo, nimesema kushoto, yule daktari anapita pita tu, hana kazi? Muuguzi aliyekuwa akijifunza mashine kwa marehemu alipewa naye cheo, akaitwa Mikono Baridi. Marehemu alimwambia, "Huyu mluzi wake ni kelele. Akinyamaza usifurahi. Mtazame midomo."

Nyumbani Bosi alikuwa habari ya kila jioni. Leo amemfukuza daktari. Leo ameuliza mume wangu anafanya kazi gani, nikamwambia ni seremala, haongei. Ameniagiza nimwambie ampunguzie miguu ya meza ya kuchorea, inamfika shingoni. Meza ikapunguzwa miguu. Bosi akatuma majibu kwamba Bwana Kimya amejitahidi. Na protini? Mumewe hakuwa mtu wa kuuliza, lakini hilo aliliuliza kila siku ya kipindi. "Inashuka," marehemu alimwambia Ijumaa iliyopita, "ila inashuka kama mzee anayeshuka ngazi."

Hapa huwekwa aya ya ugonjwa. Marehemu hakuugua. Hakulazwa, hakulalamika kichwa, hakukosa kazi. Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2023 aliamka kama kawaida, akachemsha chai, akamkumbusha mumewe kwamba mpini wa sufuria umelegea na asitoke kabla hajaukaza. Akakaa kizingitini kuvaa viatu. Akavaa cha kulia. Mumewe alikuwa ameinama anatafuta bisibisi. Akasikia mluzi umekatika katikati. Alipogeuka, mkewe ameegemea fremu ya mlango kama mtu anayefikiri. Alimshika mkono. Mkono ulikuwa wa moto bado, na mwenyewe hakuwepo.

Hospitali walieleza kwamba mshipa wa damu ulipasuka ndani ya kichwa, kwamba huenda ulikuwa dhaifu miaka mingi bila mtu kujua, na kwamba hakuna ambacho yeyote nyumbani angefanya. Daktari alieleza polepole na kwa upole. Mumewe aliitikia kwa kichwa kila sentensi, kisha akauliza, "Kwa hiyo anatoka lini?" Daktari akaanza upya. Mtoto wao wa kiume alipoletwa kutoka shule, alipita moja kwa moja jikoni kuangalia kama mama ameshafika. Marehemu alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Jumatatu hiyo wodini hakikufanyika kipindi. Wauguzi walikaa kwenye vitanda vya watoto, watoto wakawatazama. Mmoja alishauri Bosi aambiwe kwamba Sista amesafiri. Mikono Baridi akakataa. Alipiga magoti karibu na kitanda akamwambia ukweli, kwamba Sista Mluzi amefariki asubuhi. Bosi hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, kisha akageukia ukuta, akafunga mdomo, na hakuufungua tena. Jumanne hakusema. Jumatano mashine ikawa tayari, naye kimya. Mikono Baridi akaogopa kumuunganisha. Angeweza kupima damu, ndiyo, lakini majibu huchukua muda kurudi, na midomo ya Bosi ndiyo ilikuwa kipimo cha haraka. Sasa angejuaje kama amenyamaza kwa huzuni, au amenyamaza kwa sababu kalsiamu inashuka?

Siku hiyo hiyo ya Jumatano mama yake Bosi alikuja nyumbani kwa wafiwa. Alisimama nje kwa muda, ameshika ubavu wenye kidonda, anaona haya kuingia msibani na ombi. Mama mzazi wa marehemu ndiye aliyemwona.

"Ingia, mwanangu. Mbona unasimama juani?"

"Mama, nimekuja na jambo si la msibani."

"Sema tu. Hapa hakuna jambo lililo la mahali pake wiki hii."

Akasema. Mtoto amekataa kuongea, na kipindi kimoja kimesharukwa. Kabla ya kunyamaza aliuliza kitu kimoja tu: Bwana Kimya anasemaje? Watu wote wakamgeukia mfiwa, mtu ambaye hata kwenye harusi yake mwenyewe shukrani zilitolewa na wengine kwa niaba yake. Akasimama, akatafuta kofia yake, akamfuata mama yule.

Bosi alikuwa ameelekea ukutani. Fundi akavuta kiti, akakaa. Hakujua aanze wapi, basi hakuanza. Wakakaa hivyo wawili, kimya juu ya kimya, mpaka Mikono Baridi akaanza kufuta machozi kwa kiwiko. Hatimaye sauti ikatoka upande wa ukuta.

"Ni kweli wewe huongei?"

"Naongea. Kidogo."

"Amekufa kweli?"

"Amekufa kweli."

"Uliona?"

"Niliona. Nilimshika mkono."

Bosi akageuka. "Alisema Jumatatu atakuja. Alisema yeye hadanganyi mtu."

"Hakukudanganya. Alikuwa anakuja. Kiatu kimoja alishavaa."

"Kipi?"

"Cha kulia."

Bosi akamtazama fundi miguuni. Kisha akamtazama muuguzi. "Mwambie huyu apashe mikono kwanza. Na wewe usiguse waya wowote. Kaa pale. Si pale. Pale."

Mikono Baridi akanawa maji ya moto, akamuunganisha. Fundi akapewa kazi ya kusimamiwa. Aliambiwa kofia yake mbaya. Aliambiwa meza bado inayumba, na seremala gani huyo. Aliambiwa asimulie hadithi, akasema hajui, akaambiwa asimulie hivyo hivyo. Akasimulia jinsi mbao inavyokaushwa. Bosi akasema hiyo si hadithi. Mashine ikavuta na kurudisha, mfuko wa maji ya manjano ukajaa pole pole. Halafu, katikati ya kukaripia namna ya kupiga randa, Bosi akanyamaza ghafla. Hakuna aliyeshtuka; mtoto amechoka, mtu angesema. Fundi akaacha habari ya mbao.

"Midomo?" akauliza.

Bosi akaitikia kwa kichwa. Mikono Baridi alikuwa ameshashika kalsiamu. Aliingiza, akapunguza mwendo wa mashine, akamtazama usoni, mkono wake juu ya mkono wa mtoto. Walisubiri wote watatu. Mama yake Bosi alikuwa ameshika pazia akashindwa kuliachia.

"Unaendelea au umesahau?" Bosi akasema. "Ulifika kwenye randa."

Kipindi kilikwisha salama. Mkojo ulipimwa jana: protini ilipanda kidogo kwa sababu ya Jumatatu iliyorukwa, na daktari amesema ni mapema mno kujua kama figo ile itasimama. Amesema pia kwamba kipindi cha leo Ijumaa kisisogezwe hata kwa saa. Maziko nayo yasingeweza kusogezwa. Kwa hiyo, mkiangaza macho kumtafuta Mikono Baridi, aliyefanya kazi bega kwa bega na marehemu kwa miaka minne na aliyemlilia kuliko wengi wetu, hamtamwona. Mama yake Bosi naye hayupo. Asitokee wa kusema kwamba kazini hawakumjali. Wako wodini, na mashine inazunguka hivi sasa tunapoyasoma haya. Mume wa marehemu ndiye aliyewaambia wasije.

Marehemu ametanguliwa na baba yake, aliyefariki mwaka 2015. Ameacha mama mzazi, mume, binti mmoja na mvulana mmoja, ndugu watano, wakwe, mashemeji, wifi, na wapwa wasiohesabika. Ameacha watoto wa wodini, waliopona na ambao bado wanarudiwa. Ameacha muuguzi mmoja anayeijua mashine, na mtoto mmoja anayemsimamia.

Zamu yake imepokelewa. Alale kwa amani.